Feni ya laptopu hainyamazi? Usimlaumu mtoto kabla hujaangalia haya

Kwa wiki tatu nyumbani kwetu tulilala na mlio wa feni. Siyo pangaboi la darini, hilo tulishalizoea. Ulikuwa mlio wa kompyuta yetu mpakato, laptopu kama wengi tunavyoiita, iliyokuwa ikivuma kama mashine ya kusaga nafaka tangu inapowashwa mpaka inapozimwa.

Laptopu yenyewe ni moja na tunaigombea watu watatu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Dar es Salaam, na usiku naitumia kuandika oda na madeni ya wateja. Kijana wangu wa kwanza yuko kidato cha nne, anafanyia mazoezi mitihani ya miaka iliyopita. Mdogo wake wa darasa la tano anapewa Jumamosi aangalie katuni.

Feni ilipoanza kelele, sikujiuliza mara mbili. Nilimwita kijana sebuleni.

“Umeweka magemu kwenye kompyuta?”

“Hapana, mama.”

Nikauliza tena, sauti ikiwa juu zaidi. Akajibu vilevile. Sikumwamini. Nikaifungia laptopu kabatini na kumwambia asiiguse mpaka nitakapomruhusu. Ilikuwa imebaki miezi miwili afanye mtihani wa taifa.

Hakubisha. Akawa anakwenda kwa rafiki yake, ananakili maswali kwa mkono kutoka kwenye simu, anarudi saa mbili usiku. Mimi nikaendelea kuitoa kabatini watoto wakishalala, naiweka juu ya blanketi, napiga hesabu zangu nikiwa kitandani. Feni ikaendelea kuvuma. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka: niliyemshuku haigusi tena, na kelele iko palepale.

Mzazi mwenzangu, nimeyaandika haya ili usipite nilikopita mimi. Nimejifunza mengi kuhusu kelele hizo, na mengi kati ya hayo unaweza kuyafanya mwenyewe bila kutoa hata shilingi.

Kelele ni dalili

Kila mzazi anajua kwamba mtoto akichemka mwili unaweza kumpa dawa ya kushusha homa, na homa ikashuka. Lakini kama ni malaria, itarudi, kwa sababu ulichotuliza ni dalili tu. Ndiyo maana zahanati wanampima kwanza.

Feni nayo ni hivyo hivyo. Ndani ya laptopu kuna prosesa, kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Kikifanya kazi kinatoa joto. Juu yake umelazwa mrija wa shaba unaolibeba joto hilo hadi pembeni, kwenye vipande vyembamba vya chuma vilivyosogeleana kama meno ya kitana. Feni inavuta hewa ya chumbani, mara nyingi kupitia matundu ya chini, na kuipuliza kati ya meno hayo ili itoke nje na joto.

Vipimajoto vilivyomo ndani ndivyo vinavyoiamuru feni iongeze au ipunguze kasi. Kwa hiyo feni inayovuma muda wote inakuambia moja kati ya mambo mawili. Ama kompyuta ina kazi nyingi kuliko unazoziona, ama joto halipati njia ya kutoka.

Ukipuuza, madhara yapo. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiharibike, ndiyo maana laptopu yenye joto inakuwa nzito hata kufungua ukurasa mmoja. Joto likizidi hapo inajizima ghafla, na kazi ya mtoto ambayo haijahifadhiwa inapotea. Betri nayo ikikaa kwenye joto kila siku inachoka mapema.

Usichanganye na kelele za kawaida, lakini. Feni kuvuma dakika chache baada ya kuwasha, wakati wa kuangalia video au wakati kompyuta inajisasisha ni jambo la kawaida. Kinachopaswa kukushtua ni feni kuvuma kwa nguvu wakati hakuna chochote kilichofunguliwa.

Inakaa juu ya nini?

Neno mpakato linatokana na kupakata, kama tunavyompakata mtoto mapajani. Jina ni zuri, lakini limetudanganya. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini, na ukiilaza kwenye godoro, blanketi, kochi au mapaja, umeiziba pua.

Ihamishie mezani, au juu ya ubao au sinia kubwa lisilo na kitambaa. Inyanyue kidogo kwa nyuma kwa kuweka vizibo viwili vya chupa vyenye kimo sawa, kimoja kila pembe, bila kuziba matundu. Iache robo saa. Kelele zikipungua, umeshapata jibu la kwanza.

Angalia pia chumba. Kampuni ya Apple inashauri laptopu zake zitumike mahali penye nyuzi joto kati ya 10 na 35. Sisi wa Pwani, kuanzia Desemba hadi Machi, tunaijua 35 hiyo kwa karibu, hasa chumba chenye bati lisilo na dari. Mchana wa namna hiyo feni haina hewa ya baridi ya kuvuta. Sogea dirishani penye kivuli, au washa feni ya chumba ielekee upande wa meza.

Kwa watoto kuna sababu nyingine ya kuiondoa mapajani. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha taarifa ya madaktari wa Basel, Uswisi, kuhusu mvulana wa miaka 12 aliyetokewa na madoa yaliyosambaa kama wavu kwenye paja la kushoto. Kwa miezi kadhaa alikuwa akicheza magemu saa kadhaa kwa siku, laptopu ikiwa mapajani. Joto alilihisi, ila hakubadili mkao. Ni alama zilezile ambazo madaktari walizijua zamani kwa watu wanaokaa muda mrefu karibu na moto. Joto lenyewe halikuwa la kuunguza papo hapo. Lililomdhuru ni kurudiarudia.

Weka kiganja pembeni

Kipimo cha pili hakihitaji kifaa. Feni ikiwa inavuma, weka kiganja mbele ya tundu linalotoa hewa, kwa kawaida ubavuni au nyuma karibu na kioo.

Kama hewa inatoka kwa nguvu na ina joto, feni na njia zake vinafanya kazi. Tatizo huenda ni wingi wa kazi, na tutalitazama hapa chini.

Kama feni inapiga kelele lakini hewa inayotoka ni ndogo, njia imeziba. Mara nyingi ni vumbi.

Kama hewa ni nyingi lakini ni ya uvuguvugu tu, huku laptopu yenyewe haishikiki kwa joto, basi joto halifiki kwenye yale meno ya kitana. Kati ya prosesa na mrija wa shaba hupakwa pesti maalumu ya kupitisha joto, na baada ya miaka pesti hiyo hukauka. Ni jambo la kawaida kwa laptopu za mtumba tunazonunua zikiwa zimeshatumika miaka mingi. Hiyo ni kazi ya fundi.

Na kama laptopu inawaka moto lakini husikii feni kabisa, usifurahie utulivu. Huenda feni imekufa. Zima, usiitumie mpaka ionwe. Isipokuwa kama ni aina isiyokuwa na feni tangu kiwandani, kama MacBook Air zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2020.

Inafanya kazi gani usiyoiona?

Kwa kompyuta za Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloitwa Task Manager. Ukiona orodha fupi tu, bofya maneno “More details” chini yake. Kisha bofya neno CPU lililo juu ya safu, ili programu zinazotumia nguvu nyingi zipande juu. Kwa Mac, fungua Activity Monitor.

Subiri dakika mbili bila kugusa kitu. Kompyuta iliyotulia haipaswi kutumia zaidi ya asilimia 10 hivi. Ukiona programu moja imeshikilia asilimia 30 au 50 na haishuki, hiyo ndiyo inayoisumbua feni.

Wengi utawakuta hawa:

Kivinjari. Kurasa nyingi zilizofunguliwa pamoja, hasa zenye video na matangazo yanayocheza yenyewe, zinakula nguvu hata usipozitazama. Kama unatumia Chrome kwenye Windows, bonyeza Shift na Esc ukiwa ndani yake. Itakuonyesha ni ukurasa upi unaotumia nguvu nyingi.

Sasisho. Ukiona “Windows Modules Installer Worker”, Windows inajisasisha. Sisi wa bando tunawasha intaneti dakika kumi, tunazima, na kazi hiyo inabaki nusu. Kila tukiwasha inaendelea ilipoishia. Tenga siku moja yenye intaneti ya kutosha, chomeka chaja, iache imalize.

Kinga ya virusi. “Antimalware Service Executable” ni kinga ya Windows yenyewe ikikagua mafaili. Iache ikague. Lakini kama umeweka kinga mbili za virusi zinazofanya kazi pamoja, zinagombania mafaili yaleyale. Bakiza moja.

Baada ya hapo iwashe upya kwa kuchagua “Restart”. Wengi wetu tunafunika tu kifuniko na kudhani tumezima. Hata ukichagua “Shut down”, kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili iwake haraka. “Restart” ndiyo inayousafisha wote.

Unaweza pia kuipunguzia kasi kwa makusudi. Kwenye Windows 11, ingia Settings, System, kisha Power, na kwenye “Power mode” chagua “Best power efficiency”. Kwa kuandika na kusoma hutaona tofauti kubwa, ila joto litapungua.

Programu za bure zinazolipwa kwa umeme wako

Kuna kazi nyingine ya siri ambayo wazazi wengi hawaijui. Sarafu za kidijitali kama Monero huzalishwa kwa kompyuta kufanya hesabu nzito bila kupumzika. Wajanja wamegundua kwamba wanaweza kutumia kompyuta za watu wengine. Mwaka 2017 ilianzishwa huduma iitwayo Coinhive, iliyowawezesha wenye tovuti kuzalisha Monero kupitia vivinjari vya wageni wao. Wahalifu nao wakaipachika kwenye tovuti za watu bila ruhusa. Ilifungwa Machi 2019, lakini mchezo wenyewe haujaisha.

Leo programu za namna hiyo hujificha ndani ya magemu na programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zile zinazozunguka bure kwenye flashi za shuleni na mitaani. Mtoto anaweza kuiweka bila nia mbaya, akidhani amepata kitu cha bure. Dalili yake moja ni feni kuvuma wakati hakuna anayetumia kompyuta.

Ukiona jina usilolijua limeshikilia CPU, usiifute ovyo. Andika jina lake, kisha ruhusu kinga ya virusi ifanye ukaguzi kamili, ule wa “Full scan”. Na muulize mtoto kwa utulivu amepakua nini hivi karibuni. Akijua ataadhibiwa, atanyamaza, na wewe utabaki kubahatisha.

Alichokuta fundi

Narudi kwangu. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliiwasha, akasikiliza kidogo, akasema madabodi imekufa, ni shilingi 250,000. Hakufungua hata skrubu moja. Nikamshukuru, nikaondoka nayo.

Jirani akanielekeza kwa kijana mwingine. Huyu alichukua bisibisi, akafungua kifuniko cha chini mbele yangu, akatoa feni. Nyuma yake, kwenye yale meno ya kitana, palikuwa na tandiko la nyuzi limejibana, nene kama pamba ya kusafishia kidonda. Akalivuta kwa kibanio, likatoka zima.

Lilikuwa la kijivu, lakini ndani yake kulikuwa na nyuzi za kijani. Nikaitambua rangi hiyo. Ilikuwa ya sare za harusi nilizoshona miezi miwili nyuma, usiku, laptopu ikiwa pembeni ya cherehani. Nyingine zilikuwa manyoya ya blanketi langu.

“Mama, hii imekula kitenge,” fundi akasema, akicheka.

Mimi sikucheka. Nilimuuliza kama kuna magemu. Akaangalia, akasema hakuna hata moja. Alichokuta ni kivinjari chenye kurasa 19 zilizofunguliwa. Nikazitazama. Zote zilikuwa za mitihani ya Fizikia na Hisabati.

Alisafisha, akabadilisha pesti, akanitoza shilingi 30,000. Ilipowaka, niliinamia kuisikiliza kama feni inazunguka.

Kusafisha mwenyewe na kwenda kwa fundi

Vumbi la juujuu unaweza kulitoa bila kufungua kitu. Zima kabisa, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Tumia brashi laini kwenye matundu, kisha pampu ndogo ya hewa au kopo la hewa, kwa mipulizo mifupi mifupi. Kama unaweza kuifikia feni kwa nje, izuie taratibu kwa kijiti cha meno cha mti isizunguke, kwa sababu kuzungushwa kasi mno kwa hewa kunaweza kuiharibu. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi, inaweza kuleta umeme tuli unaoharibu vifaa vya ndani. Nyumba yenye vumbi, cherehani au paka, rudia kila baada ya miezi mitatu au minne.

Nenda kwa fundi kama feni inakwaruza au kugongagonga, kama hewa haitoki hata baada ya kusafisha, au kama inajizima yenyewe. Kabla ya kwenda, nakili kazi za mtoto na picha za familia kwenye flashi. Omba afungue ukiwa unaona. Kubalianeni bei kabla. Na akikuambia atachomoa feni ili kelele ziishe, chukua kompyuta yako uondoke. Huyo anampa mgonjwa wa malaria dawa ya homa.

Ukiona kifuniko kimevimba, kioo hakifungi vizuri, au sehemu ya kuwekea mkono imeinuka, huenda betri imevimba. Hapo usisubiri. Zima, usichaji, usiitoboe wala kuibana irudi, iweke mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, na umpelekee fundi anayeaminika.

Yale ya kuiweka kwenye friji au kuipoza kwa barafu usijaribu. Unyevu ukiganda ndani utaiua haraka kuliko joto. Na wafundishe watoto wasiitie begani ikiwa bado inawaka. Ndani ya begi lililofungwa feni inazungusha hewa moto ileile.

Neno nililodaiwa

Jioni ile kijana alirudi kwa rafiki yake na daftari lake la maswali. Nilikuwa nimeiweka laptopu mezani, kwenye vizibo vyake viwili. Nikamwonyesha zile nyuzi, nilizifunga kwenye karatasi.

“Nisamehe, mwanangu. Nilikuuliza mara mbili, na mara zote mbili sikukusikiliza.”

Akazigeuza zile nyuzi, akatabasamu. “Hii si ya harusi ya kina shangazi?” Kisha akauliza kama anaweza kuitumia usiku huo.

Siku hizi laptopu haipandi kitandani, na nikikaa kwenye cherehani inahamia chumba kingine. Kijana naye anahifadhi mitihani kwenye faili badala ya kuacha kurasa 19 wazi. Kila mmoja ana lake la kurekebisha.

Mzazi mwenzangu, leo jioni zima televisheni kwa dakika moja, usikilize laptopu yenu. Kama inavuma, iinue, weka kiganja, fungua Task Manager. Ukishamaliza, ndipo umwite mtoto. Na akikujibu, msikilize.